Ugomvi wa kufungua masomo katika mji wa Chicago (2020–2022)

Mtu akisikia habari za ugomvi wa masomo hapa Kongo, mara hukumbuka miaka ya 1954 hata 1958, wakati Ministri Buisseret alipofungua masomo ya Serkali kando ya masomo ya Misioni. Wakati ule watu waliuliza: ni nani atakayefundisha watoto, na atawafundisha nini? Ugomvi ninaotaka kuwaeleza, wapenzi wasomaji, ni wa namna ingine. Ulitokea Chicago, mji mkubwa wa Marekani, siku za ugonjwa wa korona, na swali lake lilikuwa fupi: mlango wa darasa ufunguliwe, ao ubaki umefungwa?

Tutangulie na mambo ya zamani kidogo. Mwaka 1918 homa ya Spania ilipofika Chicago, iliua watu zaidi ya 8,000 katika majuma machache. Miji mingi ya inchi ile ilifunga masomo. Chicago na New York hazikufunga. Daktari John Dill Robertson, mkubwa wa afya wa mji, aliona kama mtoto aliye darasani hutazamwa kila siku, na akianza kukohoa hurudishwa kwao; lakini asiyekwenda masomoni huzungukazunguka tu, ao hukaa katika nyumba iliyojaa watu. Wazazi wengi hawakumsadiki, wakaweka watoto nyumbani. Yeye akakasirika, akawalaumu kwa woga. Mshike neno hili: Serkali yaweza kufungua mlango, lakini mama ndiye anayemwachilia mtoto aingie.

Basi, Machi 2020 Guverneri J.B. Pritzker alifunga masomo yote ya jimbo la Illinois. Masomo ya Serkali ya Chicago yalikuwa na watoto wapata 340,000, na sheria ya mwaka 1995 ilimpa meya, ndiye burgumestri wa mji, uwezo wa kuweka mwenyewe wakubwa wa masomo. Meya wa siku zile alikuwa Bibi Lori Lightfoot. Mbele yake palisimama sendika ya walimu, yenye nguvu na jina. Hawakupendana tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa 2019 sendika ilisaidia mpinzani wake, na Oktoba ya mwaka uleule walimu waligoma siku 11 za masomo. Asiyejua mgomo ule hawezi kufahamu mambo yaliyofuata. Ugonjwa uliwakuta watu waliokwisha kuacha kusadikiana.

Septemba 2020 mwaka wa masomo ulianza kwa intaneti, mtoto nyumbani mbele ya kompyuta. (Kwetu Kongo masomo yalifungwa pia Machi ile, na watoto wengi hawakuwa hata na redio.) Masomo ya Kikatoliki ya Jimbo Kuu la Chicago yalikuwa yamefungua milango tangu Agosti, na wakubwa wa mji wakayatumia kama ushuhuda kwamba yawezekana. Ushuhuda huo ulikuwa na nguvu, lakini tusiutie chumvi: masomo yale yana watoto wachache zaidi, na kila mzazi amempeleka mtoto wake kwa kupenda.

Meya alitaka kufungua kwa ajili ya maskini: watoto weusi na Walatino wanapotea, alisema, na wengine hawaonekani tena. Sendika nayo ilitaka kungoja kwa ajili ya maskini walewale, kwani ugonjwa uliingia zaidi katika nyumba zao. Kila upande ulikuwa na ukweli mkononi. Mwanzo wa Aprili 2020 watu weusi, ambao ni kama 30 kwa mia ya wakaaji wa Chicago, walikuwa wapata 70 kwa mia ya waliokufa kwa korona. Mwisho wa mwaka wazazi waliulizwa kama watarudisha watoto wao. Karibu theluthi mbili za wazazi weupe walikubali. Kwa weusi na Walatino, karibu theluthi moja tu. Maana yake, wale waliotajwa kila siku katika hotuba ndio waliosita. Kwangu mimi hesabu hii yaeleza mengi kupita hotuba zote.

Desemba sendika iliandika kama haraka ya kufungua ina mizizi katika ubaguzi wa rangi na dharau ya wanawake. Kisha ikayafuta maneno hayo. Januari 2021 walimu wa watoto wadogo kabisa na wa watoto wenye ulemavu waliitwa warudi. Tarehe 24 kura ilihesabiwa: 71 kwa mia walikataa kuingia. Meya akatisha kuwafungia intaneti ya kazi. Na walibishana juu ya nini hasa? Mambo madogo ya kila siku: chanjo itolewe lini, hewa ya darasa isafishwe namna gani, mwalimu mwenye mgonjwa nyumbani kwake afanye nini, wagonjwa wakifika hesabu gani masomo yafungwe tena. Februari wakapatana. Kura 13,681 zilikubali, 6,585 zilikataa. Wadogo waliingia Februari na Machi, wa sekondari tarehe 19 Aprili.

Haikwisha hapo. Januari 2022 ugonjwa ulipanda tena, walimu 73 kwa mia wakapiga kura ya kurudi kwenye intaneti, meya akakataa, na siku 5 za masomo watoto wakakosa darasa na intaneti pia. Siku hizo, mimi sioni ginsi ya kuwatetea wakubwa wa upande wowote.

Mtihani wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha hasara: hesabu za darasa la 8 zilishuka pointi 8 toka mwaka 2019. Hata majimbo yaliyofungua mapema yalishuka, kwa hiyo mzigo wote usiwekwe juu ya milango iliyofungwa. Lakini wachunguzi waliona kama masomo ya maskini yaliyokaa kwa intaneti muda mrefu yalipoteza zaidi.

Februari 2023 Bibi Lightfoot alishindwa katika uchaguzi. Aprili akachaguliwa Brandon Johnson, mwalimu wa zamani aliyekuwa mtumishi wa sendika. Na tarehe 5 Novemba 2024, kwa sheria iliyotiwa sahihi 2021, wakaaji wa Chicago walichagua wenyewe, mara ya kwanza, washauri 10 wa masomo yao. Wengine 11 waliwekwa na meya.