Kiinua Mgongo cha Masomo

Neno "ufadhili" tumelibebesha mzigo usio wake. Katika Kiswahili cha kila siku, ufadhili wa masomo ni fedha yoyote inayomlipia mtu ada, itoke serikalini, kwenye shirika au chuoni. Wengine husema skolashipu, maana ikabaki ileile. Lakini kwenye hoki ya barafuni ya Kanada na Marekani, neno hilo moja linafunika mambo mawili yasiyofanana, na mzazi anayempimia mwanawe njia anaweza kupotea hapo.

La kwanza ni la vyuo vya Marekani vilivyo chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko. Chuo humlipia mchezaji ada, chumba, chakula na vitabu, vyote au sehemu, wakati uleule anapokichezea. Huo ni ufadhili hasa, na kiasi hupangwa na chuo. Vyuo vya Ivy League, Harvard na Yale vikiwemo, havitoi hata senti kwa ajili ya mchezo.

La pili ni la ligi za vijana za Kanada, wa miaka 16 hadi 20. Chukua WHL, ligi ya magharibi. Kijana anaondoka kwao Regina akiwa na miaka 16, anakwenda kuishi na familia ya wenyeji huko Kelowna, anacheza mechi 68 kwa msimu, na usiku mwingi analala ndani ya basi. Kila msimu anaocheza unamwekea mwaka mmoja wa ada, vitabu na michango ya lazima katika chuo atakachosoma baadaye. Misimu mitatu, miaka mitatu. Hapo analipwa deni. Kwetu mtumishi akimaliza mkataba hupewa kiinua mgongo, wala hakiitwi msaada. Ndiyo maana napendekeza "kiinua mgongo cha masomo". "Basari" halifai kabisa, kwa kuwa linamfanya kijana aonekane ameomba.

Kwa miaka mingi aliyechukua kiinua mgongo hiki aliukosa ufadhili wa vyuo vya Marekani, kwani NCAA iliwahesabu wachezaji wa ligi hizo kuwa wa kulipwa. Novemba 2024 kanuni ilibadilishwa, na tangu Agosti 1, 2025 mchezaji aliyetoka WHL anaruhusiwa kuchezea chuo cha Marekani.

Mzazi uliyeletewa karatasi ya kusaini, uliza kwanza: huu ni ufadhili, au ni kiinua mgongo? Na kama ni kiinua mgongo, mwanangu ana muda gani wa kukidai?