LPWAN kwa Kiswahili: Masafa Yapi, Nguvu Ipi?

Muongo uliopita, Upande, kampuni ya teknolojia yenye makao Nairobi, ilishirikiana na kampuni ya maji ya Kericho, KEWASCO, kufunga vitambuzi vya redio kwenye mfumo wa maji wa mji huo. Kazi ya vitambuzi hivyo ilikuwa kupima maji yanayopita kwenye mabomba na kina cha maji kwenye matangi, kisha kufikisha tarakimu ofisini bila mtu kupanda kilima na daftari mkononi. Taarifa zilisafiri kwa LoRaWAN, mmojawapo wa jamii ya mitandao ambayo wahandisi huijumlisha kwa herufi tano: LPWAN, yaani Low-Power Wide-Area Network. Mtandao ukafika Kericho kabla ya kupata jina la Kiswahili lililotulia.

Mfasiri mwenye haraka ataandika "mtandao wa masafa marefu wa nguvu ndogo". Kila neno hapo lina sababu yake, lakini yakikaa pamoja yanapotosha. Tuanze na masafa. Kwa msomaji wa habari za vita, masafa marefu ni umbali wa kombora. Kwa msikilizaji wa redio, masafa ni pale anapoipata stesheni, na waliokuwa wakisaka idhaa za ng'ambo usiku kwenye masafa mafupi wanajua kwamba kifupi pale ni wimbi, wala si safari yake. Kwa hesabu hiyo, masafa marefu ya redio ni mawimbi yenye urefu wa kilomita moja na zaidi. Vifaa vya LoRaWAN nchini Kenya hutumia mawimbi ya karibu megahezi 868, ambayo urefu wake ni sentimita 35 hivi. Ukimwambia fundi wa redio kwamba mita ya maji inatumia masafa marefu, atakwenda kutafuta antena isiyoweza kuingia hata uani.

Nguvu nayo ina lake. Mteja akisikia "mtandao wa nguvu ndogo" ataelewa ni mtandao dhaifu, ule wa kutafutwa kwa kusimama juu ya kiti. Kinachopungua hapa ni umeme unaoliwa na kifaa. Ujumbe wenyewe unafika mbali ajabu. Ndiyo maana "mtandao wa mbali wa umeme kidogo" ni jina linalojitetea vizuri zaidi. Halipendezi sana mdomoni, lakini linasema mambo mawili ambayo mnunuzi wa mita anapaswa kuyajua kabla ya kutia sahihi.

Hesabu ya betri inaonyesha kwa nini. Betri ya lithiamu ya ukubwa wa D hubeba takriban ampea-saa 19. Ikitakiwa kudumu miaka 10, mita hairuhusiwi kutumia zaidi ya wastani wa maikroampea 217, na hapo bado hatujaondoa kile ambacho betri hupoteza yenyewe kwa kukaa tu. Kwa hiyo kifaa hulala karibu muda wote, huamka, husema neno lake, kisha hulala tena. Kinaposema hurusha hewani miliwati 25 hivi, ilhali simu ya kawaida ya GSM inaweza kufikia wati 2, yaani mara 80 ya hizo.

Sasa sauti ndogo hivyo inavukaje mabonde? Kwa kwenda polepole. Mbinu ya LoRa, ambayo LoRaWAN imejengwa juu yake, ilibuniwa na Cycleo, kampuni ndogo ya Grenoble, Ufaransa, iliyonunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Mbinu hiyo hutawanya kila biti kwenye muda mrefu zaidi, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde kwa kuvuta kila silabi. Kuna ngazi za utawanyaji kuanzia 7 hadi 12, na kila ukipanda ngazi moja muda wa kusema hukaribia kuongezeka maradufu. Kwenye ngazi ya 12 mwendo ni biti 250 tu kwa sekunde, na ujumbe mfupi wa mita huchukua sekunde moja na nusu hivi hewani. Picha haitumwi kwa njia hii, wala sauti. Lakini mita haina picha. Namba ya baiti 4 inatosha kuhesabu lita zaidi ya bilioni 4. Nyumba inayotumia lita 10,000 kwa mwezi ingehitaji zaidi ya miaka 35,000 kuimaliza.

Nchi ya chai huujaribu mtandao huu kwa namna yake. Mti wa chai wenyewe hauna kosa, kwa kuwa hukatwa usipite kiuno cha mchumaji. Kizuizi ni migongo ya vilima kati ya Kericho na Bomet, pamoja na mikaratusi inayopandwa ili viwanda vipate kuni za kukaushia majani. Mwaka 2019 ujumbe wa LoRa ulinaswa kilomita 832 kutoka ulikotumwa, ila mtumaji alikuwa kwenye puto angani, na kati yao hapakuwa na kilima. Mita iliyo chini ya bonde haifaidiki na rekodi hiyo. Mafanikio yake hutegemea mahali palipowekwa lango, kile kisanduku chenye antena kinachopokea ujumbe wa mita nyingi na kuupeleka kwenye intaneti. Viwanda vya chai kama Kapkoros, Mogogosiek au Kapset vingestahili kufikiriwa, kwani kiwanda huwa na umeme, jenereta na mlinzi.

Mlingoti ukishasimama, huita radi. Eneo la Kericho linajulikana kwa wanasayansi wa hali ya hewa kwa mvua ya mawe, ambayo huja na radi, kiasi kwamba miaka ya 1960 kulifanywa majaribio ya kurusha roketi mawinguni ili kuinusuru chai. Waya wa kuipeleka radi ardhini si jambo la kukatwa kwenye bajeti.

Kisha kuna chemba. Mita ikifukiwa chini ya mfuniko wa chuma, wimbi linaweza kufa palepale. Mfuniko wa plastiki hulipitisha, na hauvutii mwizi kwa kuwa hauna bei kwa muuza vyuma chakavu, ambaye biashara yake ilifikia hatua ya serikali kuipiga marufuku kwa miezi kadhaa mwanzoni mwa 2022.

Gharama zote hizi zinalipwa na nini? Ripoti za WASREB, mdhibiti wa huduma za maji Kenya, zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayalipiwi. Mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hupimwa vibaya na mita zilizochoka. Msoma mita anayepita mara moja kwa mwezi hawezi kuyatenganisha. Mita ya bomba kuu inayotuma hesabu kila saa yaweza, kwa sababu kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala na mifereji imefungwa. Maji yanayoendelea kupita wakati huo yana maelezo machache, na la kwanza ni bomba lililopasuka. Nyenzo ya namna hiyo si anasa kwa mji kama Bomet, unaochota maji Mto Nyangores.

Kenya iliwahi kuonja faida hiyo kwa njia nyingine. Huko Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia visambazaji kwenye mipini ya pampu za mkono, vikatuma taarifa kwa ujumbe wa simu. Muda wa pampu kukaa ikiwa mbovu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3.

LoRaWAN ina ndugu. Sigfox ya Ufaransa, iliyoletwa Kenya na Liquid Telecom, huruhusu kifaa ujumbe 140 kwa siku, kila mmoja baiti 12. Kampuni mama iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama Januari 2022, ikanunuliwa na UnaBiz ya Singapore. NB-IoT hupita kwenye minara ya kampuni za simu na huhitaji laini. Wote watatu wanaingia chini ya jina lile moja, LPWAN.

Tukirudi kwenye majina, Mtanzania angeongeza kwamba hata mita ina mjadala, kwani kwao bomba hufungwa dira ya maji.

Kwa mteja, swali ni bili. Lango likizimika wiki nzima, ofisi haina budi kuandika makadirio na kuyaita hivyo. Ila mita hutuma jumla yote tangu ilipofungwa, kwa hiyo ujumbe wa kwanza utakaofika baadaye huiweka sawa hesabu ya mwezi. Kinachopotea ni zile hesabu za usiku, ambazo ndizo mtafuta uvujaji alizokuwa akizingoja.