Treni ya Cixi na Geti la Beihai

Hebu fikiria treni isiyo na injini. Mwaka ni 1888, mjini Beijing. Reli fupi, kama kilomita moja na nusu, imetandazwa kando ya maji ndani ya bustani ya wafalme. Mabehewa yametoka Ufaransa. Ndani amekaa Cixi, mjane wa mfalme ambaye ndiye alikuwa ameshika China yote mkononi, anaenda kula chakula cha mchana. Lakini mama hapendi kelele za injini. Basi mabehewa yanavutwa kwa kamba na matowashi wa ikulu. Yaani watu wanavuta treni, wasee.

Nilicheka sana. Halafu nikafungua ramani kwa simu nione hiyo reli ilipita wapi, na hapo ndipo nilikwama.

Bustani yenyewe inaitwa Beihai, maana yake Bahari ya Kaskazini. Si bahari, ni ziwa tu, lakini wafalme walikuwa na madoido. Chini yake kuna maziwa mengine mawili, la kati na la kusini, na zamani yote matatu yalikuwa uwanja wa familia moja. Ukoo wa Jin ndio ulijenga jumba la mapumziko hapo mwaka 1179. Mawe ya kupamba kisiwa yalitolewa Kaifeng, kwenye bustani ya mfalme waliyekuwa wamempindua, na watu waliyabeba mbali hadi yakapewa jina la mawe ya kukata kodi: ukibeba, unapunguziwa nafaka unayodaiwa na serikali. Fikiria kulipa kodi kwa mgongo ndiyo mtu apate mandhari.

Kublai Khan naye akaja akapanga mji wake mkuu kuzunguka maziwa hayo. Aliacha chombo kimoja ninachokipenda kuliko hata mnara mweupe wa 1651 ambao kila mtu hupiga picha. Ni pipa la pombe lililochongwa kwa jiwe moja la jade, uzito kama tani tatu na nusu. Ukoo wake ulipoanguka, pipa likapotea mitaani. Likaja kupatikana kwa hekalu fulani, watawa wanalitumia kuwekea achari ya mboga! Mfalme Qianlong akalinunua mwaka 1745, akalirudisha. Mimi nadhani achari ilikuwa kazi ya maana zaidi.

Sasa, ufalme uliisha 1912, lakini bustani haikufunguliwa siku hiyo. Mfalme wa mwisho, Puyi, aliendelea kukaa ikuluni mpaka alipofukuzwa 1924. Beihai ikafunguliwa kwa umma 1925, kwa tiketi. Wapishi wa ikulu, ambao kazi ilikuwa imeisha, walifungua mahali pa chai na chakula humo ndani mwaka huohuo, Fangshan, na iko mpaka leo. Wanauza vijikate vidogo vya unga wa mahindi, chakula cha maskini kabisa, kwa sababu hadithi inasema Cixi alipotoroka Beijing 1900 akiwa na njaa alipewa hicho, akakipenda. Ni kama ugali uingie ikulu ukitoka na bei mpya.

Watu wakaizoea bustani. Mwaka 1955 kukatoka filamu yenye wimbo wa watoto wakipiga makasia kwenye ziwa hilo, na Wachina wengi waliukariri shuleni. Ungedhani mambo yameisha hapo. Zii. Mwaka 1971, katikati ya Mapinduzi ya Kitamaduni, geti likafungwa. Raia nje, huku Jiang Qing, mke wa Mao, akiingia kujiburudisha. Nchi ilikuwa inaitwa ya wananchi, wimbo wa boti watoto wanaujua, na ziwa hawalioni. Lilifunguliwa tena Machi 1978, baada ya Mao kufa na Jiang Qing kukamatwa.

Hiyo miaka saba ndiyo inanisumbua. Wafalme angalau hawakukuambia bustani ni yako. Na haikuhitajika kubomoa kitu wala kujenga gorofa juu yake. Ilitosha kufunga tu, na mtu mmoja kubaki na ufunguo.

Turudi kwa ramani. Treni ya Cixi ilianzia kando ya ziwa la kati, ikapanda kaskazini hadi mwisho wa Beihai. Reli iliharibiwa 1900 majeshi ya kigeni yalipoingia mjini. Ukitaka kuifuata leo kwa miguu, utaanza huko juu, mahali ambapo wazee wanaandika kwa brashi na maji sakafuni na familia zinaendesha boti za kukodi. Utashuka vizuri mpaka darajani. Kisha basi. Maji yanapita chini ya daraja kama kawaida, lakini wewe hupiti: ziwa la kati na la kusini, Zhongnanhai, ndiyo makao makuu ya chama na serikali ya China, na ukuta wake una askari.