Ardhi Tupu Haipo

Sisi tunaofanya kazi na vijana hapa Kiryandongo tunasikia maneno mengi kwenye mikutano ya kilimo: mmomonyoko, hifadhi, ploti, mazingira. Kuna moja nataka tulipime kwa historia ya mashariki mwa Uganda. Ni "ardhi tupu".

Tuanze na Busoga, upande wa Jinja. Karibu mwaka 1900 malale iliingia kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1903 daktari David Bruce na wenzake walionyesha kwamba mbung'o ndiye anayeieneza. Kufikia 1920, inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa Uganda. Waliobaki karibu na ziwa, serikali ya Waingereza chini ya Hesketh Bell iliwahamisha. Vichaka vikafunika mashamba. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ikawa msitu wa hifadhi wa South Busoga, na watu walioingia kulima wakaitwa wavamizi. Lakini kabla ya malale pale palikuwa na vijiji!

Upande wa Mbale shida ni nyingine: watu wamebanana. Miteremko ya Mlima Elgon ina udongo wa volkano, mzuri kwa kahawa na ndizi, kwa hiyo kila kipande kinalimwa. Miti ikiisha, mizizi ya kushika udongo inakosekana. Mvua ikinyesha siku nyingi, udongo unashiba maji na kushuka. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Nametsi, wilaya ya Bududa, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Mbale. Mamia walifukiwa. Mwaka huohuo serikali ikaanza kuleta walionusurika hapa Kiryandongo.

Ndio hao jirani zetu Wagisu. Sisi tulikimbia bunduki, wao walikimbia udongo. Kwenye makaratasi ya maofisi sisi ni wakimbizi na wao ni raia, lakini jembe ni lilelile na jua ni lilelile.

Kwa hiyo vijana wenzangu, na ninyi ndugu wa mashirika, kabla ya kuandika "tupu" kwenye ramani tuulize wazee: nani alilima hapa? Aliondoka kwa nini? Akirudi kesho, tutamwita nani? Majibu yakichelewa, ugomvi wa mipaka utafika kwanza, na watakaopigana ni sisi vijana.