Ndoa za Watu na Pepo katika Historia ya Buhaya

Ukoo wa Abahinda, uliotawala Karagwe, Kianja na Ihangiro, magharibi mwa Ziwa Victoria, hadi uchifu ulipofutwa baada ya uhuru, hujihesabu kuwa uzao wa Ruhinda. Masimulizi mengi humtaja Ruhinda kuwa mwana wa Wamara, mtawala wa mwisho wa Abachwezi, nasaba ya kale ya kifalme. Nasaba hiyo ikifuatwa nyuma zaidi inafika kwa mwanamke wa kuzimu.

Kisa chenyewe kinajulikana zaidi Bunyoro, nchini Uganda, na John Nyakatura alikiandika katika kitabu chake cha mwaka 1947. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alitaka kuchanjiana damu na Isaza, mfalme wa Kitara. Isaza aliogopa, akamtoa mlinda lango wake, Bukuku, achanjwe badala yake. Hila ilipojulikana, Nyamiyonga hakuleta vita. Alimtuma binti yake Nyamata, mrembo wa kupigiwa mfano, apeleleze Isaza anapenda nini kuliko vyote. Isaza akamwoa bila kujua kwao ni wapi. Jibu lilipatikana siku mume alipomwacha mkewe ili akawatazame ng'ombe wake. Nyamata alirudi kwao akiwa mjamzito, akamzaa Isimbwa. Naye Isaza, akiwafuata ng'ombe wazuri waliotumwa kumnasa, alishuka kuzimu asionekane tena. Isimbwa alipokua alipanda duniani, akazaa na Nyinamwiru, binti wa Bukuku yuleyule, mwana aitwaye Ndahura. Ndahura ndiye baba wa Wamara.

Kwa jamii ya wafugaji kisa hiki kina kejeli yake: mke wa kuzimu hakumdhuru mtu, ila aliolewa na mwanamume aliyependa mifugo kuliko yeye. Maangamizi yalitokana na ahadi iliyokwepwa. Toleo la Kihaya linasisitiza jambo hilohilo kwa njia nyingine. Humo Wamara mwenyewe anatembelea kuzimu kwa Kintu, anapewa ng'ombe na mbegu, anasahau kurudisha shukrani, na Kintu anamtuma Rufu, yaani Kifo, kudai deni.

Abachwezi walipotoweka waliendelea kuheshimiwa kama pepo, na katika ibada hiyo, iitwayo ubandwa, ndoa ya mtu na pepo ilipata utaratibu. Katika nchi za Maziwa Makuu aliyeingizwa katika ibada, awe mwanamke au mwanamume, mara nyingi alihesabiwa kuwa mwenzi wa pepo wake. Kulikuwa na siri, mavazi, sadaka na miiko, na jamaa walishiriki gharama kama wanavyoshiriki mahari. Kwenye mwambao wa ziwa, huko Bukoba na Muleba, aliyeogopwa zaidi alikuwa Mugasha, bwana wa ziwa, mvua na dhoruba. Mvuvi hakuwa na njia ya kumkwepa.

Ng'ambo ya maji, kwenye visiwa vya Ssese, ndugu yake wa Kiganda, Mukasa, alipewa wake halisi. Kabla ya safari ndefu za mitumbwi Waganda walimtolea wasichana bikira, waliotakiwa kukaa bila mwanamume. Wachunguzi wa mwanzo wa karne ya 20 waliandika kwamba wengi hawakuuweza mwiko huo, jambo lisiloshangaza, na kwamba desturi iliisha Kabaka Mwanga alipoingia Ukristo. Upande wa Wajaluo, huko Gwassi nchini Kenya, husimuliwa habari za Nyamgondho, mvuvi maskini aliyevua mwanamke kwa wavu. Mke huyo alimletea ng'ombe tele. Mume alipolewa na kumtukana, mke na mifugo yote walirudi ziwani.

Wajerumani walifungua boma la Bukoba mwaka 1890, na White Fathers wakaanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892. Kwa wamisionari ubandwa ulikuwa ibada ya mashetani, na vifaa vyake vikachomwa. Uamsho wa Kilutheri wa mwishoni mwa miaka ya 1930 uliongeza ukali huo. Hata hivyo Mugasha na Wamara ni majina ya watu hadi leo, wakiwemo waumini safi wa dini zote mbili kubwa, Ukristo na Uislamu.

Nafasi iliyoachwa wazi na ubandwa imechukuliwa na mgeni kutoka pwani ya Bahari ya Hindi: jini mahaba. Huyu huja usiku ndotoni, humwonea wivu mwenzi wa kibinadamu, na hulaumiwa kwa posa zinazovunjika, mimba zinazotoka na ndoa zisizo na raha. Walokole humwita pepo mahaba na kumkemea. Masheikh humsomea Kurani. Tofauti na mume wa ubandwa ni kubwa. Jini mahaba hana ukoo unaojulikana, hatambulishwi kwa jamaa, na humsumbua mtu mmoja kwa siri. Waganga wa Unguja na Pemba wako karibu zaidi na wazee wa Buhaya: mara nyingi hawamfukuzi jini, bali humuuliza jina lake, kabila lake na anachotaka, kisha hupatana naye juu ya manukato, nguo, chano na siku zake.