Alama ya waifai imejaa lakini intaneti haipo: pa kuanzia kutafuta hitilafu

Mei 12 mwaka 2024, watumiaji wa simu nchini Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji walikutana na tatizo moja: alama ya waifai ilionekana kama kawaida, ilhali kurasa zilichelewa kufunguka au hazikufunguka kabisa. Aliyeamua siku hiyo kufuta mipangilio ya simu yake alijisumbua bure. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na simu hazikuwa na kosa lolote.

Alama ile huonyesha mawasiliano kati ya simu na ruta pekee. Haielezi chochote kuhusu njia inayotoka kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma, wala ile inayoendelea hadi baharini. Kwa nchi zisizo na pwani kama Uganda, Rwanda na Burundi, sehemu kubwa ya njia hiyo hupita kwanza katika ardhi ya Kenya au Tanzania. Mtu aliye Kigali anaweza basi kudhani simu yake imeharibika, kumbe tatizo liko Mombasa au Dar es Salaam.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kwanza ni simu ya pili. Iunganishe na waifai ileile, huku data zake za laini zikiwa zimezimwa. Ikiwa nayo haipati intaneti, iache simu yako na uitazame ruta. Ichomoe kwenye umeme kwa nusu dakika, kisha uiwashe na kuipa dakika chache itulie. Kwenye ruta za nyaya za mwanga, taa nyekundu yenye herufi LOS humaanisha kwamba mwanga haufiki, na hapo ni mtoa huduma wa kupigiwa. Hakikisha pia kifurushi hakijaisha. Ni sababu ya aibu kidogo, lakini ni ya kila siku.

Simu ya pili ikifanya kazi vizuri, hitilafu iko kwenye yako, nayo hujitokeza kwa namna tofauti.

Huenda simu haioni kabisa jina la mtandao. Ruta nyingi za sasa hurusha masafa mawili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Simu nyingi za bei nafuu au za zamani husoma yale ya kwanza tu. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, lakini hudhoofika haraka yanapokutana na kuta za zege. Baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazioni chaneli ya 12 na ya 13, ambazo huko kwa kawaida hazitumiki, ingawa ruta za kwetu zinaweza kuzichagua.

Huenda jina linaonekana lakini simu inakataliwa. Mara nyingi ni nenosiri: limebadilishwa kwenye ruta, na simu bado inatuma lile la zamani. Chagua kuusahau mtandao huo, kisha uliandike nenosiri upya, ukizingatia herufi kubwa na ndogo. Simu kuukuu inaweza kukataliwa hata nenosiri likiwa sahihi, ikiwa ruta imewekewa ulinzi wa WPA3 peke yake. Ruta ikiruhusu WPA2 pia, tatizo huondoka. Tena, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitambulisha kwa anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Ni kinga nzuri ya faragha, lakini ofisi au bweni linaloandikisha simu kwa anwani zake litaiona yako kuwa ngeni. Izime kinga hiyo kwa mtandao huo mmoja tu.

Hali inayowasumbua watu zaidi ni ya tatu: simu imeunganishwa, na bado intaneti haipo. Anza na tarehe. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na tovuti salama pamoja na programu za benki zitaikataa, kwa kuwa vyeti vya usalama vina mwanzo na mwisho wa kutumika. Msafiri anayevuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda hurudi nyuma saa moja. Ni vema aiache simu ijirekebishe kuliko kuishika saa kwa mkono na kuharibu tarehe bila kujua. Kisha zima VPN, kama ipo. Hotelini na katika viwanja vya ndege, fungua kivinjari, kwani huenda kuna ukurasa wa kujiandikisha unaosubiri ukubali masharti. Na ikiwa anwani ya simu katika mipangilio ya waifai inaanza na 169.254, ruta haijaipa simu anwani. Kuizima na kuiwasha ruta hutosha mara nyingi.

Yote yakishindikana, simu huwa na chaguo la kurejesha mipangilio ya mtandao. Hilo hufuta manenosiri ya waifai, vifaa vya blututhi na VPN, lakini haligusi picha wala ujumbe. Lisichanganywe na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, hatua ambayo hufuta kila kitu. Maneno ya chaguo hizi mbili hufanana na mara nyingi hukaa kwenye ukurasa mmoja, hivyo soma kila neno kabla ya kubonyeza.

Swichi ya waifai ikigoma kabisa kuwaka, jaribu blututhi. Katika simu nyingi vyote viwili hutegemea chipu moja, na vikigoma pamoja, uwezekano ni mkubwa kwamba chipu hiyo au ubao wake umeharibika. Hapo ni kazi ya fundi. Hamisha picha na namba zako kwanza, kwa kebo au kadi ya kumbukumbu, kabla ya kumkabidhi simu.