Shabiki Asiye na Jina Aliyepigiwa Simu na Staa: Foleni za Saini Zilivyoanza na Zilivyookoa Watu

Mtu akikuambia amelipa nauli, hoteli na kiingilio, halafu akapanga foleni masaa kadhaa ili staa wa tamthilia amsainie picha tu, utamcheka. Utasema ana hela za kuchezea. Ila ukijua foleni hizo zilianzaje na zimebeba nini, kicheko kitapungua.

Stori inaanzia Marekani. Tarehe 8 Septemba 1966 kituo cha NBC kilianza kurusha Star Trek, tamthilia ya watu wanaozunguka anga za mbali na chombo kinaitwa Enterprise. Na Waswahili wana chao humo. Ofisa wa mawasiliano wa chombo hicho, Luteni Uhura, jina lake limetoka kwenye neno letu la "uhuru", na kwenye kipindi cha kwanza kabisa kurushwa kuna sehemu anasemeshwa Kiswahili. Aliyeigiza ni Nichelle Nichols, dada mweusi, enzi ambazo waigizaji weusi wa huko walikuwa wakipewa zaidi uhusika wa wafanyakazi wa ndani. Yeye alikaa mbele, na cheo chake.

Watazamaji hawakuwa wengi kivile. Msimu wa pili ukiwa bado unaendelea ikasikika kwamba NBC wanataka kuikata, na mashabiki wakaingia kazini. Hakukuwa na hashtegi wala kushea. Kulikuwa na kalamu, bahasha na stempu. Barua zikamiminika ofisini, na wanafunzi wa chuo cha Caltech wakaandamana usiku na mienge mpaka studio za NBC. Tarehe 1 Machi 1968 kituo kikatangaza hewani kwamba tamthilia inarudi. Ikarudi msimu mmoja tu. Mwaka 1969 ikafungwa, jumla vipindi 79.

Hapo ndo ingekuwa mwisho. Kumbe ndo kwanza mambo yanaanza. Vituo vya TV vya mijini vilinunua vipindi vile vya zamani vikawa vinavirudia, hasa jioni, watoto na vijana wakiwa nyumbani. Kizazi kipya kikanasa kwenye kitu ambacho tayari kilishakufa.

Januari 1972, kikundi cha mashabiki wa New York, watu wa kawaida wenye kazi zao za kila siku, kilikodi kumbi kwenye hoteli ya Statler Hilton kwa siku tatu. Walitegemea watu kama 500. Wakaja zaidi ya 3,000! Mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, alikuwepo na mkewe Majel Barrett, ambaye naye aliigiza humo. Hata NASA walileta vifaa vya anga watu waone. Mwaka uliofuata umati ukaongezeka, na waigizaji wengine wakaanza kuja kuonana na watu wao.

Sasa jiweke upande wa waigizaji. Sura zao zilikuwa kwenye TV karibu kila siku, lakini kwa mikataba ya wakati ule walilipwa kwa marudio machache ya mwanzo tu. Baada ya hapo, kapa. James Doohan, aliyeigiza Scotty, fundi mkuu wa mitambo, alikuwa akienda kuomba kazi anaambiwa yeye ni Scotty, nafasi ya Scotty hakuna. Makongamano ya mashabiki ndo yakampa kipato na sababu ya kutoka nyumbani.

Na yeye akarudisha. Doohan mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alipokea barua ya shabiki wa kike, barua ya kuaga. Alikuwa amepanga kujitoa uhai. Doohan hakuitupa wala hakumwachia msaidizi. Alimpigia simu, akamwambia ana kongamano Indianapolis na anataka kumwona pale. Binti akaenda. Doohan alisema alipomwona hali yake ilikuwa mbaya, hata hakujua amwambie nini zaidi ya maneno ya kumtia moyo. Basi akamwambia aje na kongamano linalofuata. Na lingine. Ikawa hivyo kwa miaka miwili mitatu, kila wakionana anampa moyo na ahadi ya kuonana tena.

Halafu binti akapotea. Miaka minane bila habari. Doohan hakujua yuko hai au la.

Siku ikaja barua. Binti alikuwa anamshukuru, na anamwambia amemaliza shahada ya uzamili ya uhandisi wa elektroniki. Scotty ni fundi wa kuigiza, msichana akawa mhandisi wa kweli. Mpaka Doohan anafariki mwaka 2005, alikuwa akisema hilo ndo jambo bora kuliko yote aliyowahi kufanya. Jina la yule dada hakulitaja.

Nichols naye alibadilishwa na shabiki. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha akaimbe jukwaani. Kwenye hafla moja akaambiwa kuna shabiki wake anataka kumsalimia. Akageuka, akakutana na Martin Luther King Jr. King alimwambia asiondoke, watu wanamtazama na nafasi ile ni kubwa kuliko yeye. Akabaki. Mwaka 1975, akiwa kwenye kongamano la mashabiki, alimsikiliza mwanasayansi wa NASA akizungumza, akajiuliza watu wa aina yake wako wapi kwenye safari hizo. Mwaka 1977 akawa anaifanyia NASA kampeni ya kuwaita wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Kundi la 1978 likawa na Sally Ride na Guion Bluford, mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza wa Marekani kwenda angani. Na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko, mwaka 1992, amesema wazi kwamba utotoni alikuwa akimtazama Uhura.

Leo makongamano haya ni biashara kubwa. Saini ina bei, picha ina bei, na ukifika mbele una sekunde chache kabla mlinzi hajakuambia usogee. Kuna wanaolia kwamba ladha imeisha, na wana hoja. Lakini kwenye foleni ile huwezi kujua nani amekuja kwa ajili ya picha ya Instagram na nani amekuja kwa sababu sauti ya yule muigizaji ndo ilimfikisha asubuhi. Staa makini anajua hilo, ndo maana anamtazama kila mmoja usoni.

Je, kama ungepewa sekunde 30 na muigizaji aliyekubeba wakati mgumu, ungemwambia nini? Dondosha hapo chini. Na kama wewe ndo uko kwenye wakati huo sasa hivi, usikae nao peke yako, mpigie mtu leo.